Niliujua Mlio Ule, Nikamfichia Mkwe Wangu

Nina umri wa miaka sabini na mbili. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikikosea herufi kwenye barua hii mnivumilie... lakini majina sikosei. Mungu alininyima kisomo akanipa kumbukumbu. Kila aliyekula kwangu namjua jina lake, la mama yake, na siku hiyo tulipika nini.

Basi nianze na jina.

Kwetu Unguja, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wana haya yao. Hawatazamani usoni, hawali sinia moja, hawabishani. Miaka kumi na tisa sikuwahi kulitamka jina la mume wa mwanangu. Nilimwita Baba Salma, kwa binti yake mkubwa. Nikiwa na neno, nilimwambia mwanangu Rahma amwambie, na yeye yupo pale pale kochini, ananisikia!

Leo naliandika. Seif! Mnaona, wasomaji wenzangu? Mbingu haijaanguka.

Nilikuja Dubai miaka kumi na moja iliyopita, baada ya kufiwa na mume wangu Mbarouk. Rahma alisema njoo ukae nasi, mama. Seif ana duka mtaa wa Naif, anawauzia vyombo na vitambaa wafanyabiashara wa Mombasa na Kampala. Nyumba yake iko Al Jaddaf, ghorofa ya kumi na nne. Sebuleni kuna taa kubwa kama za ukumbi wa harusi, na choo kinavuja tangu siku tuliyohamia. Ndivyo alivyo mwenyewe. Mbele taa, nyuma kinavuja.

Kibali changu cha kuishi hapa kiko chini ya jina lake. Likumbukeni hilo. Mie nilijitahidi sana kulisahau.

Duka lile lilikuwa na dereva, Kizito, mtu wa Masaka, Uganda, umri wa miaka arobaini na sita. Mkristo safi, mpole. Alianza hapa kama mlinzi, akilala kambi ya vibarua ya Muhaisnah, chumba kimoja na wanaume saba, kabla ya Seif kumchukua. Ana mabinti pacha, Babirye na Nakato, na Nakato alikuwa anasomea uuguzi. Miaka sita ndiye aliyenipeleka hospitali, ndiye aliyenishika mkono kwenye ngazi. Aliniita Jajja, ndiyo bibi kwa lugha yao.

Mie nikiwa garini huvuta tasbihi yangu, ile ya shanga nyeusi za mti aliyoniachia Mbarouk. Hulia tak, tak, tak. Kizito alikuwa akinitania.

"Jajja, nikisikia shanga zako najua uko macho. Zikinyamaza najua umelala, napunguza mwendo."

"Siku zikinyamaza moja kwa moja, nipeleke Unguja," nami humjibu.

"Hapana! Siku hiyo mimi nitakupigia honi mpaka uamke!"

Tulikuwa tunacheka sana.

Sasa mtauliza, bikizee kama huyu anajua nini habari za milio ya magari? Mbarouk alikuwa fundi wa malori. Miaka ishirini na minane tulikaa uani kwetu na malori ya watu. Yeye chini kwa chini, mie juu kitini namkanyagia breki. "Kanyaga, Zuhura! Achia! Kanyaga tena!" Alinifundisha kwamba gari likilia huulizi uwongo na ukweli, unauliza mambo matatu tu: linalia lini, linanyamaza lini, na nani alilishika mara ya mwisho. Hilo la tatu, alisema, ndilo watu hawapendi kuulizwa.

Msimu wa baridi wa mwaka juzi zikaja habari kwamba kule Oman, juu ya Jabal Shams, theluji imeanguka. Wallahi, watu wa joto tukiambiwa theluji tunaingiwa na wazimu! Seif ndiye wa kwanza. Mwanamume ana miaka hamsini na mmoja, kitambi kinamtangulia mlangoni, anaruka ruka kama mtoto aliyeahidiwa pembea.

Gari lake halikumtosha kwa safari ya mlimani. Akaenda kumwomba arbab wake, yule tajiri mwenyeji ambaye leseni ya duka iko kwa jina lake. Mzee yule akampa gari lake kubwa, jipya, linanuka ngozi. Akamwambia neno moja tu: anaendesha dereva, wewe usiliguse. Alimjua mtu wake!

Tukaondoka. Kizito kwenye usukani, Seif kando yake, nyuma mie, Rahma na Salma. Mie hukaa nyuma ya kiti cha Seif, ili tusitazamane. Ndiyo adabu.

Juu kule kulikuwa na nyumba za kupangisha, za mawe. Baridi... sina la kuisemea. Meno yangu machache yaligongana hadi nikaona aibu. Theluji ilikuwa nyembamba, imechanganyika na maji, inarukia magurudumu. Kizito akaegesha gari kwenye mteremko, akatafuta mawe mawili makubwa akayaweka nyuma ya matairi. Nikamwuliza kwa nini.

"Jajja, handbreki sivuti. Madereva wa kule chini wameniambia, maji yameingia kwenye breki, yakiganda usiku yatazishika. Nimeweka gia ya kuegesha na mawe, inatosha."

Nikamsifu. Hata Mbarouk angemsifu. Akaenda kulala kwenye chumba cha madereva.

Wakati wa chakula Seif akaenda garini kuchukua koti lake. Akarudi anabwata, anamwambia Rahma kwa sauti ya kunisikilizisha na mie; Salma alikuwa ameshalala.

"Dereva gani yule! Ameacha gari la watu mlimani bila handbreki! Ameweka mawe, kama mkokoteni wa punda! Nimeivuta mwenyewe, mpaka mwisho."

Nilifungua mdomo. Nikaufumba. Mama mkwe hamfunzi mkwe wake kazi mbele ya mkewe. Nikaendelea kumenya chungwa.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa, wasomaji wenzangu. Kwa chungwa!

Asubuhi, jua limeshatoka, mie niko dirishani na tasbihi yangu natazama ule weupe. Nikamwona Seif anatoka peke yake, kofia ya sufu kichwani, miwani ya jua, simu kaishikia mbali na uso anajipiga video. Ufunguo wa pili kumbe alikuwa nao! Akayapiga teke mawe ya Kizito. Akaingia.

Gari likakataa. Akakanyaga mafuta, likanguruma, likasogea huku magurudumu ya nyuma hayazunguki hata kidogo! Yanaburutwa tu kwenye theluji, kama mbuzi anayevutwa kwenda kuchinjwa. Mtu mwenye akili angesimama. Yeye akazidisha mafuta. Mara nikasikia TAK! kama mfupa umevunjika, kisha kelele ya chuma kwa chuma, na gari hilo likachomoka. Akalizungusha kile kiwanja mara tatu, dirisha wazi, anaichekea simu yake na kupiga ukelele "Yalla! Yalla!" huku chini panalia kama paka aliyefungiwa kabatini.

Akarudi akaegesha palepale. Mawe akayasukuma nyuma ya matairi kwa mguu, yaonekane hayakuguswa. Akainua uso... akaniona dirishani.

Tulitazamana, mie na mkwe wangu, kwa mara ya kwanza katika miaka ile yote. Na nani aliyeinamisha macho kwa haya? Mie! Mwizi anasimama wima, mwenye nyumba anainama. Ujinga ulioje!

Tulipoanza kushuka mlima, hatukufika mbali ukaja mlio. Krrrr... tak. Krrrr... tak. Nyuma, upande wa kushoto.

"Ni barafu tu," akasema Seif haraka. "Imejaa kwenye matairi."

Kizito akasimama, akashuka na kijiko cha chai, akakwangua barafu yote iliyoshikamana juu ya magurudumu. Tukaenda. Krrrr... tak.

"Basi gari limepata baridi. Hata mtu akipata baridi anakohoa."

Salma akacheka. "Baba, tulipe dawa ya mafua?"

Kizito hakucheka. Akazima redio, akateremsha vioo, akaanza kusikiliza. Na mie nyuma nasikiliza naye, maana ile kazi iko damuni mwangu. Nikamwambia apunguze. Mlio ukapungua pamoja na mwendo, kwa hiyo si injini, ni gurudumu. Nikamwambia akanyage breki. Ukabaki vile vile. Akashuka kutazama kama jiwe limenasa kwenye lile bati la ndani ya gurudumu. Halikuwapo. Tulipofika chini jua lilikuwa kali, theluji yote imeyeyuka, nasi tumevua masweta. Krrrr... tak.

Mbarouk alikuwa akisema, mlio wa baridi huisha baridi ikiisha. Mlio unaoshuka nawe mlimani hadi kwenye joto, huo una mwenyewe.

Kizito akaegesha kando ya barabara. Akageuka polepole.

"Boss, samahani. Gari hili limetembea asubuhi?"

"Litembee na nani?" Seif akaruka. "Funguo si unalala nazo wewe?"

"Mimi niliacha handbreki iko chini, boss. Nimeikuta juu."

"Sasa mimi mwongo? Mimi niamke kwenye baridi ile nikaendeshe gari? Muulize mtu yeyote humu!"

Ndani ya gari lile tulikuwemo wawili tuliosikia handbreki imevutwa na nani, na mmoja wetu aliona hata la asubuhi kwa macho yake. Rahma akatazama nje. Mie nikatazama mapajani mwangu.

Hakuna aliyeulizwa. Safari ikaendelea.

Siku ya pili, tumesharudi Dubai, tukalipeleka gari gereji moja Ras Al Khor kwa fundi Iqbal, Mpakistani mwenye ndevu nyekundu za hina. Nami nilikuwemo, kwa sababu Kizito alikuwa anipitishe kliniki ya macho. Ya macho! Mungu naye ana mzaha wake.

Iqbal akafungua gurudumu. Vikamwagika vipande vyeusi. Ile ngozi ngumu inayobana breki, mafundi huiita lainingi, ilikuwa imebanduka yote, imeungua, na chuma kimechimbika mifereji. Iqbal akatikisa kichwa. Akasema Kiarabu cha gereji ambacho hata mie nakielewa: breki iliganda, na mtu kalivuta gari kwa nguvu. Si kwa kutojua. Gari lilimwambia simama, naye hakutaka kusikia.

Seif akapiga simu kwa arbab, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie anavyojua kuzungumza na wakubwa. Mzee yule akauliza swali moja tu, lile la tatu la Mbarouk wangu.

"Nani alilishika gari?"

"Dereva, arbab."

"Khalas. Dereva huyo nisimwone tena kwenye duka lenye jina langu."

Kizito alikuwa amesimama na tairi mkononi anamsaidia Iqbal. Akaliweka chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Boss... mimi niliweka mawe."

"Mawe! Mnamsikia? Ndiyo elimu yake hiyo!"

Kisha Kizito akanitazama. Alinitazama tu. Nami nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, nimepewa chai ya maziwa na vijana wa Iqbal. Nikainywa. Ilikuwa ya moto, ikaniunguza ulimi, na nilishukuru, maana ulimi ulioungua una kisingizio.

Nitawaambia ukweli, kwa sababu bila ukweli huu barua yangu haina faida. Nilijiambia ni haya. Nilijiambia mama mkwe hamvunjii mkwe wake heshima mbele ya mafundi, mwanangu ataachika, wajukuu watataabika. Uongo! Nilikuwa naogopa kitanda changu. Nilikuwa naogopa kibali changu, dawa zangu za presha, ile ghorofa ya kumi na nne yenye choo kinachovuja. Haya nilivaa kama baibui tu. Ndani yake alikuwamo bikizee mwoga.

Kibali cha Kizito kikafutwa. Alikuja kuaga na begi moja la bluu. Nami mnajua nilimpa nini? Halua! Halua kilo mbili, na kanga jozi kwa mkewe Nalongo. Mtu kapoteza kazi ya miaka sita, kaondoka na jina la mzembe, mimi namfungia halua kwenye gazeti! Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama desturi yao.

"Asante, Jajja."

Laiti angenitemea mate.

Mwaka ukapita. Seif akanenepa. Siku ya Idi iliyofuata nyumba ilijaa, wamekuja dada zake Mwanakhamis na Time, na mume wa Time anaitwa Haroub. Baada ya biriani Seif akawa anatafuta la kuchekesha watu. Na debe tupu haliwezi kutulia! Akaunganisha simu yake na televisheni ile kubwa.

"Ngojeni niwaonyeshe mwanamume anavyoendesha kwenye theluji!"

Alikuwa ameihifadhi! Mwaka mzima ameihifadhi, na kwa vile Kizito hayupo, akaona sasa ni mzaha tu. Pale kwenye kioo, kofia ya sufu, miwani ya jua, "Yalla! Yalla!" Watu wakacheka hadi machozi. Na nyuma ya kicheko chake, wazi kabisa, kelele ile ya chuma kwa chuma.

Nilisimama. Magoti haya yanayohitaji watu wawili, siku ile yalisimama peke yake.

"Seif," nikasema.

Sebule nzima ikanigeukia. Hawakushtushwa na kitu kingine, ni lile jina tu mdomoni mwangu.

"Seif, huo mlio unaosikika hapo ndio uliomfukuza Kizito. Ulivuta handbreki wewe, ukayapiga teke mawe wewe, ukaliburuta gari la watu wewe. Mie nilikuwa dirishani, nawe uliniona."

Haroub akacheka kidogo, akaacha. Seif akawatazama dada zake, akafungua mikono.

"Mama amezeeka. Mnamsikia mwenyewe."

Nikamgeukia mwanangu. "Rahma. Sema na wewe ulichokisikia siku ile kwenye chakula."

Rahma akaanza kukusanya sahani.

"Mama, khalas," akasema. "Yule ameshakwenda. Unataka nini sasa?"

Lilinichoma kuliko la Seif. Si kwa sababu lilikuwa baya. Ni kwa sababu lilikuwa langu! Nilimzaa, nikamlea, nikamfunza kunyamaza, na hapo akanirudishia somo langu neno kwa neno.

Salma peke yake hakucheka wala hakuondoka. Alinifuata chumbani akanitafutia namba ya Kizito. Simu ikalia mbali huko Masaka. Sauti ni ile ile.

"Jajja! Uko hai!"

Nikamwambia yote. Handbreki, mawe, dirisha, chai ya Iqbal. Nililia kama mtoto. Nilingoja ashangae. Nilingoja anitukane, angalau nipate pa kushika. Nikasikia kuku nyuma yake.

"Jajja, hayo mimi nilijua."

"Ulijua? Nani alikwambia?"

"Wewe. Tulipokuwa chini ya mlima nikauliza gari limetembea asubuhi, shanga zako zilinyamaza. Nikakutazama kwenye kioo, macho wazi, hujalala. Nikajua Jajja ameona."

Nikaitazama tasbihi mkononi mwangu.

"Sikutaka kukuuliza," akasema, "wewe ni mtu mzima. Nilikuwa nangoja tu useme. Hata siku ya halua, pale mlangoni, nilikuwa bado nangoja."

Nakato aliacha uuguzi, akaniambia nilipouliza. Anauza nyanya na mama yake. Kizito anaendesha lori la mchanga, mara moja moja, likipatikana. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kwa sababu nimeuliza.

Nilimwomba Salma aichukue ile video kwenye simu ya baba yake, awapelekee dada na shemeji zake Seif pamoja na maneno yangu, na Haroub, kwa hisani yake, aliifikisha kwa arbab. Mzee yule akamtuma mtu kumwuliza Kizito kama atarudi. Kizito akajibu ahsante, hapana. Nani angerudi? Heshima ya mtu si tairi, ikitoboka ukazibe.

Seif sasa hupita mbele yangu kama anapita kabati. Kibali changu kinaisha baada ya Ramadhani, na ameshamwambia Rahma kwamba makaratasi "yana matatizo". Hayana. Mie nimeshafunga sanduku. Nguo zangu, dawa zangu, na tasbihi ya Mbarouk, ambayo tangu simu ile siwezi kuivuta bila kujiuliza nani ananisikiliza.

Enyi mama wenzangu mnaokula kwa mkwe, nawaomba kwa Mungu aliyewaumba! Msiite uoga wenu haya. Mkiona, semeni siku ile ile, hata kama chungwa liko mkononi, hata kama chai ni ya moto. Gari likiharibika hupiga kelele, likasikika njia nzima. Sisi tukiharibika tunanyamaza. Na mnadhani hakuna anayetusikia... Yupo! Kakaa kwenye usukani, anatusubiri, na ni yule yule tuliyemwuza.